Pazia Nililolivuta Katikati ya Baraka

Ninyi wanne mnaoanza kazi ukumbini Jumamosi hii, nisomeni kabla hamjapanda jukwaani. Nimestaafu. Najua mtacheka, kwa sababu nina miaka thelathini na nne, na mama yangu bado anabeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Lakini mtu anastaafu pale kazi inapomkataa, na mimi kazi yangu ilinikatalia kooni. Daktari alinimulika mdomoni, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ninanong'ona. Akauliza tena, nikamjibu vilevile.

"Basi acha," akasema. "Kunong'ona kunachosha koo kuliko kuzungumza. Zungumza kama watu wengine."

Kwa miaka kumi na sita nilikuwa mnong'onezi wa kikundi chetu cha maigizo. Mwigizaji akisahau maneno, mimi ndiye niliyemrushia kutoka pembeni, kwa sauti inayomfikia yeye bila kufika benchi la kwanza. Kazi hii haina shule. Nilijifunza mwenyewe kwa kukosea, na kila kosa nalikumbuka pamoja na nguo niliyokuwa nimevaa siku hiyo. Nakiri hili mapema msije mkadhani ni ninyi tu mnaokosa usingizi kwa ajili ya neno moja. Hata haya mnayoyasoma nimeyaandika upya mara sita. Mara ya tatu yalikuwa mazuri zaidi, lakini nilishachana.

Ukumbi wetu haukujengwa uwe ukumbi. Ushirika uliujenga kuwa ghala la pareto, na ukitaka historia yake huna haja ya kuuliza mtu, nusa tu. Kona ya nyuma chini ya dirisha, siku ya jua kali, bado kuna harufu ya maua makavu. Hiyo ni pareto. Pale mlangoni sakafu ina doa jeusi ambalo sabuni imelishindwa. Hiyo ni dizeli. Kwingine kote ni vitunguu saumu, na hiyo harufu ndiyo itakayowasalimu Jumamosi kabla yangu.

Pareto ilipokosa soko, ushirika ulilala, na karani wa mizani, Mzee Akonaay, akabaki peke yake na ghala tupu. Katikati ya ghala palikuwa na jukwaa la zege la kuwekea mizani. Akaishusha mizani, akapanda yeye. Wazee wanasema mchezo wake wa kwanza ulihusu wakulima wanaolowesha magunia usiku ili asubuhi yawe mazito. Aliwaigiza vizuri mno, kwa mwendo na kwa kikohozi, bila kumtaja mtu. Watu wakacheka mpaka wenye tabia hiyo wakaanza kujitetea wenyewe kutoka kwenye mabenchi.

Kwa miaka mingi ghala lilijaa kila Jumamosi. Kisha akaja Bwana Shabani, mfanyabiashara wa mjini Mbulu, akaweka jenereta lake pale mlangoni mwa ghala, na ndani televisheni pana kama meza. Watu wakahamia kwenye filamu na mpira, na michezo ikafa kifo cha kimya. Mzee Akonaay hakununa. Alikaa mlangoni kwa Shabani akikata tiketi, na alipoulizwa kwa nini, alisema anasoma adui anapumua vipi. Halafu simu zikaingia mifukoni mwa watu na Shabani naye akabaki na viti vitupu. Akafunga jenereta kwenye trekta, akaondoka. Nasikia ana duka la mbolea Katesh na bado anatusalimia.

Baada ya hapo wanunuzi wa vitunguu saumu waliligeuza ghala kuwa stoo yao. Ukumbi ulilala misimu mitatu juu ya magunia. Walipohama, Mzee Akonaay akakusanya vijana wa kwaya, akafagia, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, na matokeo ambayo sitayaandika hapa. Alinichagua kwa sababu moja: katika kijiji kizima ni mimi tu niliyeweza kusoma mwandiko wake.

Aliniweka kwenye kibanda cha karani, kile cha mbao kilicho ubavuni mwa jukwaa, chenye kidirisha. Akaniambia nivue viatu nivae soksi nzito, maana sakafu ya mle inasema kila ukigeuka. Nimevaa soksi miaka kumi na sita. Miguu yangu haijui tena jukwaa lina baridi kiasi gani.

"Kazi yako," aliniambia, "ni kama ya fundi bomba. Mtu akikukumbuka, ujue maji yamemwagika."

Mwezi wangu wa pili kazini yalimwagika. Emanueli, ambaye mtamkuta bado anaigiza na bado anachelewa, alikuwa mume aliyemfukuza mkewe kwa uongo wa jirani. Alitakiwa kusimama mbele ya mkewe, kisha aseme, "Nimekosa." Akasimama. Hakusema. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Nikanong'ona, "Nimekosa." Kimya. Nikaongeza sauti kidogo, "Nimekosa." Kimya bado. Mara ya tatu nilisikika mpaka nyuma, na mama mmoja akajibu kutoka kwenye mabenchi:

"Emanueli, dada wa kibandani ameshakubali kwa niaba yako. Sema tu twende tukakamue ng'ombe."

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Nilikuwa nimevaa sketi ya kijani. Sijaivaa tena.

Mzee Akonaay alinikuta kibandani nimejiinamia kwenye daftari. "Resti, alikuwa amesahau?"

"Hapana, mzee. Alikuwa amenyamaza."

"Ulijua lini?"

"Baadaye."

"Sasa jifunze kujua kabla. Aliyesahau anatazama chini, au anakutafuta wewe. Aliyenyamaza anamtazama mwenzake."

Liandikeni hilo mahali. Katika yote nitakayowaambia, ndilo pekee ambalo sikulitunga mwenyewe.

Mengine ni ya kawaida. Vitunguu saumu vilivyobaki ukutani vitawatoa machozi siku ya joto, kwa hiyo pangeni michezo ya huzuni mwezi wa kumi. Pazia limeshonwa kwa magunia na vitenge, linateleza juu ya waya. Lipakeni waya mafuta ya ng'ombe, si ya kupikia, maana ya kupikia yanavuta panya. Na anzeni saa nane mchana, mmalize saa kumi na nusu. Ng'ombe hawana simu. Saa kumi na moja inapokaribia, mtu wa hapa anainuka hata kama jukwaani mnazikwa.

Hilo la muda ndilo lililoniharibu. Mzee Akonaay alipozeeka, akaenda kuishi kwa binti yake kule Hirbadaw, mambo yote yakaniangukia. Nikaanza kupima kila kitu kwa saa ya simu. Kulia, sekunde arobaini. Ugomvi wa kisimani, dakika tatu. Emanueli aliwahi kuniuliza kama ameruhusiwa kukohoa, nikamwambia kabla ya onyesho la pili. Sikuwa natania. Usiku nilikuwa nikiota pazia limekwama, naamka nimeshika neti ya mbu.

Basi wanunuzi wa vitunguu wakarudi. Walitaka stoo yao, na safari hii kwa muda mrefu. Ukumbi ulikuwa mali ya kijiji, na uamuzi ulikuwa wa kamati ya watu saba chini ya Mama Bayo, mwanamke asiyeinua sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji. Nilimfuata nyumbani kwake, nikamkuta anachambua maharage.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Najua kilichokuleta. Jumamosi tutakuja wote saba kuangalia mchezo wenu, na tukitoka hapo tunapita ofisini tunaamua. Nikiona watu wanauhitaji ukumbi, tutazungumza. Lakini mkitupotezea muda mpaka mifugo ikaingia kwenye mashamba ya watu, vitunguu vinahamia Jumatatu."

Nilisikia nusu ya pili tu. Ndivyo wenye wasiwasi tunavyosikia.

Tulichagua mchezo wa ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba, mpaka mzee anapowakalisha chini, anawapatanisha na kuwabariki. Baraka hiyo ni slufay, ile inayosemwa kwa Kiiraqw. Wenye umri wenu mmeisikia harusini mkiwa mnatazama simu, kwa hiyo naeleza. Mzee anasema mstari mmoja, watu wote wanaitikia kwa mguno mmoja mrefu, anasema mwingine, wanaitikia, mpaka aifunge mwenyewe. Kabla hajaifunga hakuna anayeinuka.

Wa kuisema tulimpata kijiji cha Tumati: Mzee Tluway, baba mkubwa wa Emanueli, mkulima ambaye hajawahi kuigiza. Nikakaa naye siku mbili, nikamsimulia kuhusu wanunuzi na magunia yao, nikaandika baraka yake yote kwenye daftari. Ilikuwa ndefu kama kiangazi. Nikaipunguza ikawa dakika nne.

"Mzee," nikamwambia, "naomba tufuate hii."

Nikamsomea. Akasikiliza amefumba macho. "Ni nzuri," akasema. "Umeinyoa kama kondoo."

Nikaona amenisifu.

Jumamosi ilipofika, mabenchi yalijaa, wengine wakakaa madirishani. Kamati ilikaa mbele, saba kwa mstari, mikono mapajani. Mchezo ulikwenda kama nilivyoupanga. Ndugu waligombana kwa sekunde zao, wakatupiana maneno, wakakalishwa chini. Saa kumi na dakika ishirini na nne Mzee Tluway akasimama, akaegemea fimbo yake, akaanza.

Mazoezini alikuwa akisema mbele ya mabenchi matupu. Sikuwa nimefikiria kitu kidogo sana: kwamba watu watamwitikia. Mstari wa kwanza, ukumbi mzima ukaguna. Nilihisi mbao za kibanda zikitetemeka. Mzee akainua kichwa kama mtu aliyesikia anaitwa, na tangu hapo daftari langu halikuwa na kazi. Aliwaombea ng'ombe. Akaombea visima. Akaombea wanawake wenye mimba, mbegu zilizo ardhini, njia ya kwenda na ya kurudi. Dakika nne zikapita. Nikanong'ona mstari wa kufunga. Dakika saba. Nikanong'ona tena. Alikuwa kwao Tumati, alikuwa kwenye mvua, alikuwa mbali na mimi.

Dakika ya tisa, mjumbe mmoja wa kamati akageuza shingo kutazama dirishani, upande wa jua. Shingo tu. Nikaona magunia yakishushwa mlangoni Jumatatu. Mkono wangu ukashika kamba.

Nikavuta pazia.

Kwa yale mafuta ya ng'ombe, pazia halijawahi kuteleza vizuri kama siku ile. Mzee alikuwa katikati ya mstari. Watu walikuwa wameshavuta pumzi ya kuitikia, na ile pumzi ikabaki vifuani mwao.

Nikangoja makofi. Hakuna aliyepiga. Nikangoja benchi lisogee, watu wakimbilie ng'ombe wao. Hakuna aliyeinuka. Nikachungulia kwenye kidirisha: watu wote wamekaa vilevile, kamati saba vilevile, wanatazama pazia. Si kwa hasira. Walikuwa kama wageni walioachwa mlangoni mwenyeji akiwa ameshasema karibuni.

"Binti," akasema Mama Bayo, kwa sauti yake ileile, "tupo bado."

Nikatoka kibandani, nikaingia jukwaani nyuma ya pazia. Mzee Tluway alikuwa amekaa kwenye jiwe letu la mpaka. Emanueli alinitazama kama anayemtazama mtu aliyeangusha mtoto.

"Mzee, nisamehe. Tunafungua, uendelee ulipoishia."

"Nilipoishia hapapo tena. Pamekatwa."

"Sasa tufanyeje?"

"Naanza mwanzo."

"Mzee, ng'ombe. Na kamati ile."

"Kwa kuwa ni wewe umeikata," akasema, akiinuka polepole, "utasimama hapa uitikie na wenzako. Huwezi kuitikia ukiwa kwenye sanduku."

Pazia likafunguliwa na Emanueli. Mimi nilikuwa katikati ya jukwaa, mahali nilipokuwa sijawahi kusimama mbele ya watu, na soksi zangu, ya kushoto ikiwa na tundu kidoleni. Nilijua kila mtu anakitazama kile kidole. Kutoka nyuma mtu akasema, "Kumbe ana miguu," na kicheko kidogo kikapita, kikatulia.

Mzee akaanza. Mstari wa kwanza niliitikia kwa sauti ya kibandani, hata mimi sikujisikia. Wa pili akanitazama. Wa tatu nikaguna kama wengine, kutoka tumboni, na kitu kikalegea kifuani mwangu ambacho kilikuwa kimekaza tangu ile sketi ya kijani. Sikujua dakika ngapi zimepita. Simu ilikuwa kibandani na daftari lilikuwa kibandani. Nje nilisikia kengele za ng'ombe wanaorudi wenyewe, na hakuna aliyegeuza shingo.

Karibu na mwisho Mzee Tluway akasema, "Nyumba hii," akanyamaza.

Hilo halikuwa kwenye baraka yake. Si ile niliyoipunguza, wala ile ndefu. Nilizijua zote kwa moyo. Hakutazama chini. Hakuwatazama ndugu wale wawili. Alinitafuta mimi.

Miaka yote ile nilikuwa na neno tayari kwa kila mtu, na sasa sikuwa nalo. Halikuwa limeandikwa popote. Watu wamevuta pumzi kwa mara ya pili, na mimi ndiye niliyewakatia ya kwanza. Nikanong'ona kitu cha kwanza nilichokitaka, na kwa jinsi palivyokuwa kimya kilifika hadi mlangoni:

"Ijae watu."

"Nyumba hii ijae watu," akasema mzee.

Ukumbi ukaitikia. Kutoka madirishani mtu akaongeza, "Na isinuke vitunguu."

Watu wakacheka, na mimi nikataka kufa. Mzee Tluway hakucheka. Alingoja watulie, akainua fimbo, akasema kwa uzito uleule aliowaombea wenye mimba:

"Nyumba hii isinuke vitunguu saumu."

Wakaitikia wote, na safari hii nilikuwa nimewaelekea, nikaona midomo. Kamati iliitikia, saba kwa mstari. Mama Bayo alikuwa amefumba macho. Kisha mzee akafunga baraka, watu wakainuka, na baada ya dakika mbili hapakuwa na mtu, kila mmoja amekimbilia ng'ombe wake.

Isipokuwa kamati. Nilishuka na soksi zangu mpaka alipokuwa Mama Bayo, nikaanza kueleza kuhusu muda, kuhusu daftari, kwamba kwa kawaida sisi tunamaliza saa kumi na nusu. Akaniacha nimalize. Mjumbe yule wa shingo akamkumbusha kwamba wanasubiriwa ofisini wakaamue.

"Tukaamue nini?" Mama Bayo akamuuliza. "Wewe hukuitikia?"

"Niliitikia."

"Na mimi niliitikia. Unataka ofisini tukaitikie kingine?" Akajifunga kitenge vizuri. "Vitunguu vitafute pa kulala. Na wewe, binti, shona soksi."

Mzee Tluway sikumuuliza kamwe kama alisahau, au kama ile "nyumba hii" aliipanga tangu nilipomwambia kuhusu magunia. Kila alipokuja kijijini kwetu nilimpikia chai, nikataka kuuliza, nikaacha. Mambo mengine nimejifunza kutoyapima.

Nilirudi kibandani, nikafanya kazi miaka mingine sita, kwa saa iliyozimwa. Nilikosea kuliko zamani na nikalala vizuri. Koo ndilo lililokuwa limeshachoka, na daktari aliponiambia nizungumze kama watu wengine, nilimcheka, kwa sababu Mzee Tluway alishaniambia hivyo bila kunimulika.

Kibanda sasa ni chenu, lakini sijawaachia mnong'onezi, na Emanueli anadhani nimesahau. Sijasahau. Jumamosi, mmoja wenu akipotewa na maneno, asitazame chini na asitazame kibandani. Awatazame waliokaa kwenye mabenchi. Mimi nitakuwa benchi la pili, nimevaa viatu.